Msimwambie Avumilie

Kicheni pati ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ilifanyika Tanga. Ukumbi ulipambwa vitambaa vya zambarau, na zawadi zilijaa meza tatu: sufuria, mabeseni, jiko la gesi, doti za kanga zilizopangwa kama ngazi. Baada ya chakula akasimama shangazi yetu, somo wa ukoo mzima, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kumfunda mwali. Alisema mengi ambayo hata leo nayaamini: juu ya usafi, juu ya kauli njema, juu ya kutunza fedha na kutofichana madeni. Kisha akashusha sauti, akamwinamia. "Na huko chumbani, mwanangu, mwanzo kunauma. Vumilia. Sote tulivumilia."

Tukapiga vigelegele. Nami nilipiga.

Miaka mitatu baadaye mwali yule alikuja kwangu Jumamosi moja, akakaa jikoni kwenye kigoda, akachukua kisu anisaidie kumenya viazi. Hakuinua macho. Aliniambia maumivu hayakwisha, na kwamba tangu usiku wa harusi tendo lenyewe halijawahi kufanyika ipasavyo. "Dada, ni kama kuna ukuta pale." Mumewe ni mpole; alisubiri, akabembeleza, mwishowe akanyamaza, na ukimya wake ulimtisha kuliko ugomvi. Mama mkwe anauliza habari za mjukuu kila Idi. Alikwenda hospitali, akapimwa haraka haraka na kuambiwa, "Huna kitu, jitulize tu." Alikwenda kwa mganga, akaambiwa ana jini mahaba anayemwonea wivu mumewe. Mtu wa saluni akampa shabu ya kujisafishia, ikamchubua, akazidi kuumia. Miaka mitatu alikuwa akifanya lile tulilomwagiza, yaani kuvumilia.

Naandika kwa ajili yake, kwa ruhusa yake, na kwa ajili ya wengine ambao hawajapata jiko la kukaa na kusema. Nina ombi moja kwenu wasomaji, nanyi makungwi, wauguzi, waume, mashehe na wachungaji: neno "vumilia" tuliondoe katika jambo hili. Maumivu ya mwanamke chumbani yana majina, yana sababu, na mengi yake yana tiba. Kuna watu wametumia maisha yao kuyachunguza, na waliyoyapata hayafiki kwenye kumbi zetu za vitambaa vya zambarau.

Nianze na ule ukuta. Wataalamu wanauita vajinismasi. Misuli inayouzunguka mlango wa uke hujikaza yenyewe pale kitu kinapotaka kuingia, kama vile jicho linavyofumba mdudu akilikaribia. Huamui kufumba jicho, linafumba. Mwanamke huyu naye haamui. Huenda anampenda mumewe, huenda hamu anayo tele, lakini mwili umejifunza kuogopa. Hofu inakaza misuli, misuli iliyokaza inauma, na yale maumivu yanauambia mwili kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Usiku unaofuata hofu inaanza mapema zaidi. Sasa mwambie mtu aliye ndani ya mzunguko huo avumilie. Kila anapovumilia ndipo mwili unapojifunza zaidi kwamba hapa pana hatari.

Katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwanasaikolojia Moniek ter Kuile na wenzake walichukua wanawake 70 ambao hawajawahi kuweza tendo la ndoa maishani mwao. Nusu walipata matibabu mara moja, nusu wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Matibabu yenyewe yangemshangaza shangazi yangu kwa urahisi wake. Mwanamke anafika hospitali pamoja na mwenzi wake, na mtaalamu yupo kuwaongoza. Vikao havizidi vitatu vya saa mbili mbili ndani ya wiki moja, halafu wanafuatiliwa. Humo ndani mwanamke mwenyewe, kwa mkono wake na kwa mwendo wake, anaanza kukikaribia kile anachokiogopa: kidole chake, kisha vifaa laini vinavyoongezeka ukubwa taratibu. Hakuna anayemlazimisha wala kumharakisha. Anakaa na hofu mpaka aone kwamba lile baya alilolitarajia halikutokea, na hofu inapungua yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kati ya wanawake 35 waliotibiwa, 31 waliweza tendo la ndoa. Kati ya 35 waliokuwa wakisubiri, ni wanne.

Nilipomsomea mdogo wangu namba hizo, alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Wote hao walikuwa kama mimi?" Nadhani hiyo ilikuwa nusu ya dawa. Kwa miaka mitatu aliamini yuko peke yake duniani.

Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa sababu kuna kosa la pili lililo baya sawa na lile la kuvumilia. Kusema saikolojia inatibu maumivu haya si kusema maumivu ni ya kuwazia. Mwanamke anayeumia aanze kwa kupimwa na daktari wa magonjwa ya wanawake, na apimwe kwa utulivu, maana sababu za mwilini ni nyingi: fangasi na maambukizi mengine, kovu la kuongezewa njia au kuchanika wakati wa kujifungua, endometriosi, vivimbe, ukavu unaoletwa na kunyonyesha au kukoma hedhi. Hizo zina dawa zake. Wanaokoma hedhi wengi wanadhani ukavu ni amri ya uzee, kumbe kuna vilainishi vinavyouzwa dukani na kuna krimu ya homoni ambayo daktari anaweza kuiandika. Lakini hata pale ugonjwa wa mwilini unapopona, mara nyingi hofu iliyozaliwa nao hubaki nyuma, nayo inahitaji mtu wake.

Kule Montreal, Kanada, Sophie Bergeron na wenzake waliwahi kulinganisha njia tatu kwa wanawake 78 wenye maumivu makali ya mlango wa uke. Wengine walipasuliwa, wengine walifundishwa kuilegeza misuli ya nyonga kwa msaada wa kifaa, na wengine walikaa katika kikundi na mtaalamu wa saikolojia wakijifunza kuyaelewa maumivu, kuyapunguza, na kuzungumza na wenzi wao. Baada ya miaka miwili na nusu, upasuaji uliendelea kuongoza pale daktari alipogusa na kupima. Lakini wanawake wenyewe walipoulizwa juu ya maumivu ya wakati wa tendo, waliopasuliwa na waliokaa kikundini walikuwa sawa. Kikundi cha wanawake kikizungumza na mjuzi kilifikia kisu cha daktari. Watu wa unyago mnaelewa hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu kikundi cha wanawake na mjuzi mmoja katikati ni urithi wenu.

Lipo jambo la hamu, na hili ndilo linalovunja ndoa nyingi kimyakimya. Mwaka 1999 ilichapishwa ripoti ya Marekani, kwa takwimu zilizokusanywa 1992, iliyosema asilimia 43 ya wanawake wa miaka 18 hadi 59 wana tatizo la aina fulani katika tendo la ndoa. Namba hiyo ikazunguka dunia nzima. Watafiti wengine wakapinga, nami nawaunga mkono. Kuulizwa kama umewahi kukosa hamu ni jambo moja. Kuulizwa kama jambo hilo linakuumiza ni jingine. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine wa Marekani uliohusisha zaidi ya wanawake 31,000 ulipouliza yote mawili, waliosema wana tatizo walikuwa tena kama asilimia 43, lakini wale ambao tatizo lenyewe liliwatia dhiki walikuwa kama asilimia 12. Hesabu hiyo ni ya Marekani na sitaibandika Tanga wala Mombasa. Ninachokichukua ni funzo lake. Mwenye kusema kama kuna ugonjwa ni mwanamke anayetaabika. Si jirani, wala mume aliyehesabu siku.

Na hata hamu yenyewe tulifundishwa vibaya. Watafiti Masters na Johnson, waliofanya kazi St. Louis, Marekani, mwaka 1966 walieleza jinsi mwili unavyosisimka hatua kwa hatua, na baada yao ikazoeleka kwamba hamu ndiyo hutangulia kila kitu. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Vancouver aliwasikiliza wanawake na kuandika jambo ambalo wake wengi wa muda mrefu wanalijua bila kusoma: kwa wengi hamu huja baadaye. Kwanza kuna utulivu, kuna kupendwa, kuna mguso usio na haraka, na ndani ya hayo hamu huamka. Nilimweleza mdogo wangu kwa majiko. Gesi unawasha mara moja. Mkaa unaupanga, unaupepea, unausubiri. Mwenye jiko la mkaa hana jiko bovu, na chakula chake kinaiva. Waume wengi niliowahi kuwasikia wakilalamika kwamba mke "hataki" walikuwa wanatafuta kibiriti tu.

Enyi wanaume wa pwani, hili halikuanzia Vancouver. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika *Ihya* yake kwamba mume asiharakishe kuondoka hadi mkewe naye atosheke. Mashehe wetu wanakisoma kitabu hicho madrasani. Nawaomba ukurasa huo nao wausome mbele ya wanaume.

Kampuni za dawa zilitafuta njia ya mkato. Viagra ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa wanaume, ikajaribiwa kwa wanawake wapatao 3,000, na mwaka 2004 Pfizer ikaachana na majaribio hayo. Damu ilifika ilikotakiwa, lakini hamu haikufuata. Mwaka 2015 kikaidhinishwa huko kidonge kiitwacho flibanserin, baada ya kukataliwa mara mbili. Faida yake katika majaribio ilikuwa ndogo, chini ya mara moja ya ziada kwa mwezi, nacho kinaweza kushusha shinikizo la damu na kumzimisha mtu, hasa akiwa amekunywa pombe. Nayataja haya kwa sababu najua vinavyouzwa mitaani kwetu kwa jina la "dawa ya hamu ya mama". Mnaouza poda hizo mkisema zimethibitishwa, onyesheni uthibitisho. Nanyi dada zangu, shabu, ugoro na unga wowote wa kubana na kukausha vinachubua ngozi laini na kufungua mlango wa maradhi. Uke wenye unyevu ni uke wenye afya. Aliyewaambia kinyume chake hakuwatakia mema.

Jambo lililonigusa zaidi katika historia ya vidonge ni hili. Cindy Meston, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, pamoja na mwenzake Andrea Bradford, walirudi kwenye kumbukumbu za jaribio la dawa na kuwaangalia wanawake 50 waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Kama theluthi moja yao walipata nafuu ya kweli. Nini kiliwaponya? Walikuwa wameketi na mtu aliyewauliza habari zao bila kuwacheka, wakaanza kuyaangalia maisha yao ya chumbani kwa makini, na huenda wengine walizungumza na waume zao kwa mara ya kwanza. Huo ni uponyaji ambao zahanati yoyote yenye viti viwili na mlango unaofungika inaweza kuuanza wiki hii.

Lori Brotto, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, aliingia katika kazi hii kupitia wanawake waliopona saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa uzazi. Walikuwa hai, wakishukuru, na wakati huohuo miili yao ilikuwa kama nyumba waliyohamishwa. Brotto aliwafundisha zoezi la kutuliza akili na kuirudisha mwilini: kupumua, kuusikia mkono ukigusa ngozi, kuyaona mawazo ya hofu yakipita bila kuyafuata. Yeye na wenzake wamelipima zoezi hilo kwa miaka mingi, na hamu na msisimko viliwarudia wengi. Nalileta hapa kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wanaotibiwa kwa mionzi, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road na kwingineko, wanaweza kubaki na uke uliokauka na kubana. Mwanamke huyo anarudi Singida au Kilwa na karatasi ya tarehe ya kurudi kliniki. Nawaomba wauguzi wa saratani wasimwache apande basi kabla hajaambiwa kwamba hali hiyo inaweza kuja, kwamba kuna vilainishi na vifaa vya kutanulia, na kwamba kuuliza habari hiyo si kukosa shukrani kwa uhai.

Kuna kundi ambalo tunalionea haya maradufu, waliokeketwa. Sheria zipo, Tanzania tangu 1998 na Kenya ile ya 2011, na takwimu za kitaifa zinashuka: Kenya kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, Tanzania kutoka 10 hadi 8 katika kipindi kinachokaribiana na hicho. Tunashangilia wasichana watakaonusurika, nami nashangilia. Lakini mama wa miaka 35 wa Mara, Manyara au Garissa ambaye alikeketwa zamani, nani anazungumza naye? Mabango yote yanamwambia ameharibiwa. Mwaka 1998 daktari Helen O'Connell wa Melbourne alionyesha kwa upasuaji wa maiti jambo ambalo vitabu vya udaktari vilikuwa vimelipuuza: kisimi kinachoonekana nje ni ncha tu, sehemu kubwa imelala ndani kuuzunguka mlango wa uke. Kisu cha ngariba hakifiki huko kote. Wapo waliokeketwa ambao hupata raha na kufika kileleni, na wapo wanaoteseka, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 limependekeza wanaoteseka wapewe ushauri nasaha wa mahusiano ya kimwili, na tiba ya saikolojia pale penye hofu, sonona au jeraha la moyo. Kwa hiyo mabango nayo yabadilike. Yampinge ngariba bila kumzika mwanamke aliye hai.

Mtu atasema, hayo yote ni ya Uholanzi na Kanada. Sisi wanasaikolojia tunao wangapi? Ni swali la haki, na jibu lake naliona Bukavu, Kongo. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilianza kwa kushona miili ya wanawake waliobakwa vitani ikagundua kwamba kushona hakutoshi. Leo matibabu, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa sheria na njia ya kujipatia riziki vinakwenda pamoja. Na katika vijiji vya mashariki ya Kongo, watafiti wakiongozwa na Judith Bass wa Johns Hopkins walifanya jaribio lililochapishwa 2013. Waliowahudumia wanawake hawakuwa madaktari wala wenye digrii za saikolojia. Walikuwa wanawake wa palepale, waliopewa mafunzo na kusimamiwa, wakiendesha kikao kimoja cha mtu binafsi na 11 vya kikundi, kwa lugha za nyumbani, Kiswahili kikiwamo. Waliopata tiba hiyo walikuwa 157, na wengine 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika kundi la tiba walikuwa asilimia 9; katika kundi la pili walikuwa 42. Jaribio hilo lilipima majeraha ya moyo, halikupima raha ya chumbani. Lakini atakayedhani hofu ya mtu aliyebakwa hukaa mlangoni na kumwachia kitanda, hajawahi kumsikiliza mmoja wao.

Kijijini, vitani, wanawake wengine hawajui kusoma, na bado wakapona kwa msaada wa wenzao waliofunzwa. Sisi tuna makungwi tayari. Bi Kidude, aliyefariki 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Zanzibar alikuwa pia kungwi wa unyago, na wanawake walimwamini kwa siri zao. Waganda wana ssenga, shangazi upande wa baba, kwa kazi hiyohiyo. Hakuna kliniki itakayojenga imani hiyo kwa miaka kumi. Kwa hiyo ombi langu kwenu makungwi si kwamba mnyamaze mumpishe daktari. Fundeni, lakini jueni dalili tatu au nne za kumpeleka mtu hospitali: maumivu yasiyokwisha baada ya wiki za mwanzo, damu baada ya tendo, mlango usiofunguka kabisa, hofu inayomfanya atetemeke. Nanyi vyuo vya Muhimbili, Makerere na Nairobi, waiteni makungwi hawa, kaeni nao, jifunzeni maneno yao, maana dodoso lililotafsiriwa na mtu asiyejua mwanamke wa Lindi anavyosema "sijisikii" litapima upepo. Kuna dodoso la mwaka 2000 linalotumika sana duniani, maswali 19 kuhusu wiki nne zilizopita: hamu, msisimko, unyevu, kilele, kuridhika, maumivu. Kiswahili chake kitafutwe jikoni na saluni, siyo kwenye kamusi pekee.

Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, ninyi mnakutana na kila mwanamke. Anapokuja wiki ya sita baada ya kujifungua mnampima mshono, mnamwuliza kama mtoto ananyonya, mnazungumza uzazi wa mpango. Ongezeni swali moja, kwa sauti ya chini na pazia limefungwa: "Mkikutana na baba, unasikia maumivu?" Wengi hawatasema wasipoulizwa. Na anayetumia dawa za sonona aambiwe wazi kwamba baadhi yake hupunguza hamu, ili asiziache kimyakimya, bali arudi zibadilishwe.

Kuna mpaka mmoja ambao sitaki mtu yeyote auvuke kwa kutumia maneno yangu. Mwanamke anayepigwa, anayelazimishwa, anayetukanwa mchana na kuitwa usiku, huyo hana ugonjwa wa kukosa hamu. Mwili wake unasema kweli. Usimpeleke kwa mwanasaikolojia afundishwe kumtaka anayemuumiza. Hata mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, unakataza kumwita mgonjwa mwanamke ambaye hali yake inaelezwa na ukatili wa mwenzi wake.

Mdogo wangu alipata daktari mwanamke aliyempima polepole, kisha mnasihi Dar es Salaam aliyekuwa akiijua tiba hii. Mumewe alikwenda naye. Nauli ya basi waliigawana. Haikuwa wiki moja kama Leiden, ilikuwa miezi minne, na kuna mwezi walirudi nyuma. Sitasimulia zaidi, maana yaliyobaki ni yao.

Mwezi ujao kuna kicheni pati nyingine katika ukoo. Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi kumwomba dakika tano siku hiyo, baada ya yeye kufunda. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza haya yote niliyowaeleza ninyi, nikiogopa ataona namvunjia heshima. Alinisikiliza akichambua mchele kwenye ungo. Nilipofika kwenye wanaokoma hedhi, mkono wake ukasimama. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, akasogea karibu.

"Mwanangu," alisema, "hicho kilainishi, duka la dawa wanauliza maswali mengi?"

Nikamwambia hawaulizi, na kwamba ile krimu ndiyo inayotaka daktari. Tumekubaliana kwenda Jumanne.